Jinja imeshatoa ya kutosha

Tangu Oktoba 2018, msafiri anayetoka Mombasa au Nairobi kwenda Kampala anaweza kuupita mji wa Jinja bila kuuona. Basi linakata mashamba ya miwa ya Kakira, linapanda na kushuka vilima vya Busoga, na mara liko juu ya daraja jipya, mita 525 za barabara iliyoning'inizwa kwa nyaya za chuma kutoka kwenye minara miwili. Chini yake mto Nile ndiyo kwanza unatoka Ziwa Victoria kuanza safari ya kwenda Misri. Abiria waliosinzia wanaamshana, wanachungulia dirishani, na kabla hawajakaa vizuri basi limeshaingia Njeru, ng'ambo ya pili. Mji wenyewe umebaki kushoto, nyuma ya miti.

Daraja hilo lilijengwa kwa mkopo wa Japani, na lilihitajika. Kwa zaidi ya miaka 60 malori na mabasi ya barabara kuu yalipita juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, uliofunguliwa mwaka 1954, na ukuta ulikuwa umechoka. Silalamikii daraja. Ninacholalamikia ni mazoea yetu sisi wa Afrika Mashariki ya kuihesabu Jinja kuwa mahali pa kupita, pa kuchota umeme, na pa kupiga picha mbele ya kibao cha chanzo cha Nile. Mji huu wa ukubwa wa wastani umekuwa ukitoa kwa zaidi ya karne nzima. Umetoa maporomoko yake, umeme wake, pamba iliyopita bandarini kwake na jasho la viwanda vyake. Hoja yangu ni kwamba kilichobaki sasa, mtoni na mjini, kilindwe kwa sheria yenye meno, na faida yake ianzie kwa wanaoishi hapo.

Mto kabla ya bwawa

Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ambapo maji ya ziwa yalimwagika juu ya ukingo wa mawe na kuwa mto. Akayaita maporomoko hayo Ripon, jina la mkubwa mmoja wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Vitabu vyetu vya shule vilimaliza habari hapo. Havikusema sana kuhusu watu wa pwani na bara walioubeba msafara ule mabegani. Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, naye Bombay akazungumza na wapagazi kwa Kiswahili. Maneno ya mgeni yalipita kinywani mwake kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote kambini.

Wala vitabu havikusema kwamba pale palikuwa na wenyewe. Wasoga wa upande wa mashariki na Waganda wa upande wa magharibi walivua hapo, walivuka kwa mitumbwi na walitambika hapo, na Wasoga walikuwa na jina lao la mto, Kiyira, ambalo bado wanalitumia. Leo mnara wa kumkumbuka Speke uko upande wa magharibi, na bustani ya watalii iko upande wa mashariki, lakini maporomoko yenyewe hayaonekani popote. Yamezama. Mgeni analipa getini, anashuka ngazi hadi ukingoni, anapanda mashua, na mwenye mashua anampeleka hadi pale maji yanapochemka na kuzunguka juu ya miamba iliyofunikwa. Huo mzunguko wa maji ndio uliosalia wa Ripon.

Hata cheo cha chanzo kina wadai wengine. Mto Kagera unaingia ziwani ukiwa umebeba maji ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na kule Rutovu, kusini mwa Burundi, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa juu ya chemchemi kudai kwamba Nile inaanzia hapo. Nzoia inaleta maji ya Kenya, Mara inaleta ya Kenya na Tanzania. Yote hayo yanakusanyika katika ziwa lenye mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko Jinja. Kwa hiyo mtu wa Musoma, wa Kisumu, wa Gitega au wa Kigali asiidhanie habari ya Jinja kuwa ya watu wa Uganda peke yao. Mvua iliyonyesha kwenye bati la nyumba yake ina njia moja ya kwenda baharini, na inapita chini ya daraja lile.

Mji uliojengwa na pamba

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walihamishia Jinja makao yao ya kuitawala Busoga, na sababu ilikuwa ni maji. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka Kisumu meli zilivuka ziwa. Lakini mzigo uliotaka kwenda kaskazini, au pamba iliyotaka kutoka huko, ilikwama kwa sababu mto baada ya Jinja ulikuwa mawe matupu na maji yanayoruka. Hakuna chombo cha mizigo kilichopita. Ndipo mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi ya kutoka Jinja hadi Namasagali, kuyakwepa maporomoko hayo na kuufikia mto pale unapotulia kuelekea Ziwa Kyoga. Pamba ikaja kwa meli hadi Namasagali, kwa treni hadi Jinja, kwa meli tena hadi Kisumu, kwa reli hadi Mombasa, na kwa bahari hadi viwandani ng'ambo. Reli ya moja kwa moja kutoka pwani ilipofika Jinja mwaka 1928, na daraja la reli juu ya Nile lilipokamilika mwaka 1931, mji ulikuwa tayari umesimama kwa miguu yake.

Waliousimamisha ni mchanganyiko wa watu. Walikuwapo wakulima wa Busoga waliolima pamba hiyo. Walikuwapo wafanyabiashara kutoka Gujarat waliofungua maduka na vinu vya kuchambulia pamba, na mafundi wa Kisingasinga walioijenga reli na nyumba. Walikuwapo vibarua kutoka pande zote, Wasamia, Waluhya, Wajaluo, Wateso, Waacholi. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda chake cha sukari cha Kakira mwaka 1930, na miwa ile inayoonekana kutoka dirishani mwa basi ni uzao wake. Kiswahili kilipata makao mjini kwa sababu hiyo: watu hawa walihitaji lugha ya kupokezana mizigo, kugombana juu ya mshahara na kupatana.

Ukitaka kuusoma mji huo kwa macho, tembea Barabara Kuu asubuhi kabla jua halijawa kali. Inua macho juu ya vibao vya maduka ya simu. Utaona paji la nyumba lenye mapambo ya plasta, jina la mwenyewe la Kihindi, na mwaka wa ujenzi uliochongwa, mara nyingi wa miaka ya 1920 au 1930. Chini yake kuna baraza refu lenye nguzo, linalounganisha duka hadi duka, mtu anaweza kutembea hatua nyingi bila kunyeshewa. Katika mabaraza hayo wamekaa mafundi cherehani, mashine zao za kukanyaga zimepangwa mstari mmoja, vitambaa vya gomesi vimeninginia nyuma yao. Milango ni ya mbao nene za kukunja, na baadhi bado ina makomeo ya chuma ya zamani. Fundi anayeshona sare ya shule mbele ya mlango huo huenda hajui ulitengenezwa na nani, lakini ni baraza hilo linalompa kivuli cha kazi. Hakodi chumba, anakodi kipande cha sakafu. Ukilibomoa baraza, umembomolea yeye kabla ya kumbomolea mtalii.

Hesabu ya maporomoko

Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri kijana wa makoloni, alisimama mbele ya Ripon, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kilieleza jinsi nguvu ile inavyoweza kufungwa mashine. Ilichukua miaka 40 wazo hilo kuwa zege. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, kilomita chache chini ya Ripon, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua. Maporomoko mawili yakafa kwa siku moja: Owen, ambayo ukuta ulikaa juu yake, na Ripon, ambayo maji yaliyoinuka yaliyafunika.

Bwawa hilo, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lina jambo ambalo watu wengi wanaolipita hawalijui. Uingereza, kwa niaba ya Uganda, ilikubaliana na Misri kabla ya kujenga. Misri ilichangia gharama ili ziwa litumike kama hifadhi ya maji, na ikapewa haki ya kuweka wahandisi wake Jinja kuangalia kiasi cha maji kinachoachiliwa. Kanuni iliyowekwa ni kwamba bwawa lipitishe kile ambacho mto ungepitisha wenyewe kama ukuta usingekuwapo, kulingana na kina cha ziwa siku hiyo. Kina hicho kinasomwa kwenye kipimo cha Jinja. Mei 2020, mvua zilipozidi, kipimo kilifika mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na mwezi mmoja kabla yake kisiwa kinachoelea cha matete na udongo kilikuwa kimesukumwa na maji hadi kwenye bwawa na kuzima umeme nchi nzima. Mji huu ndipo mahali ambapo mkulima wa Misri, mvuvi wa Mwanza na mwenye kiwanda wa Kampala wanakutana katika tarakimu moja.

Nasi wengine tumefaidi mapema. Tangu miaka ya 1950 nyaya za kutoka Owen Falls zilivuka Tororo na kuingia Kenya, na kwa miaka mingi sehemu ya taa za Nairobi iliwaka kwa maji ya Jinja. Uganda nayo iliendelea kuhitaji zaidi. Kituo cha Kiira, chenye uwezo wa megawati 200, kilianza kazi mwaka 2000 kando ya kile cha kwanza, kikitumia mfereji mpya lakini maji yale yale. Ukame wa katikati ya muongo huo ulipokuja, vituo viwili viliendelea kunyonya ziwa lililokuwa linashuka, maji yaliachiliwa kupita kanuni, na wavuvi wa nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa wakaona gati zao zikibaki juu ya matope. Mgao wa umeme ukaingia kila nyumba.

Jibu likawa bwawa la Bujagali, chini zaidi mtoni. Hapo mto ulishuka kwa ngazi za miamba, maji meupe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, visiwa vya miti katikati. Kwa Wasoga ni makao ya Budhagali, mzimu wa mto, na mlinzi wa mahali hapo aliheshimiwa hata na wakubwa wa serikali. Vijana wa kijiji waliishi kwa maji hayo kwa namna ambayo asiyeona hawezi kuamini: kijana anakumbatia dumu tupu la lita 20, anajirusha kutoka juu, anapotea katika povu, na watalii wakishaanza kushika vifua vyao anaibuka chini akiwa bado amelikumbatia dumu, anatoka kuja kukusanya pesa. Mwishoni mwa 2011 maji ya bwawa jipya yaliyafunika maporomoko, na mwaka uliofuata kituo cha megawati 250 kikafunguliwa rasmi. Kuhusu mzimu, yalifanywa matambiko ya kuuhamisha. Walikuwapo waliokubali kwamba umehama, na walikuwapo walioshikilia kuwa mzimu haupewi kiwanja kingine kama mtu aliyelipwa fidia.

Ili mradi wa Bujagali upate fedha, Serikali ya Uganda iliahidi kwa maandishi, katika makubaliano na Benki ya Dunia ya mwaka 2007, kwamba sehemu inayofuata ya mto, maporomoko ya Kalagala na Itanda, itaachwa kama ilivyo. Ilikuwa fidia: hili limezama, lile litabaki. Kisha likajengwa bwawa la Isimba, chini zaidi, likafunguliwa mwaka 2019 likiwa na megawati 183. Maji yake yalirudi nyuma hadi ndani ya eneo lililoahidiwa, yakafunika mawimbi ambayo wapiga kasia wa kayaki walikuwa wakiyafuata kutoka mabara mengine. Kalagala na Itanda zenyewe zimesalia. Nenda ukazione. Itanda maji yanaingia katika upenyo wa miamba kwa kishindo ambacho unakisikia kifuani kabla hujafika ukingoni.

Jumlisha: megawati 180 za Nalubaale baada ya kuongezwa nguvu, 200 za Kiira, 250 za Bujagali, 183 za Isimba. Ni megawati 813 katika kipande cha mto ambacho mtu akiamka mapema anakimaliza kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana. Sijui mji mwingine wa ukubwa huu katika kanda yetu uliobeba mzigo kama huo.

Waliotoa jasho

Umeme wa 1954 haukuja peke yake. Uliletwa ili kujenga viwanda, na kwa muda ukajenga kweli. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, kilichojulikana kote kama Nytil, kilifuma pamba ile iliyokuwa zamani ikisafirishwa ghafi. Shaba ya Kilembe ilisafiri kwa treni kutoka Kasese, mpaka wa magharibi, kuja kuyeyushwa Jinja. Palikuwa na chuma, palikuwa na majembe, palikuwa na bia ng'ambo, huko Njeru. Wafanyakazi walijengewa mtaa wa Walukuba, nyumba ndogo za mistari, na kule Masese wavuvi wakashusha sangara, sato na dagaa. Mitaa hii miwili haimo katika vipeperushi vya utalii, lakini kwangu ni alama za mji sawa na bustani ya chanzo. Ndiko mji ulikolala usiku baada ya kazi.

Kambi ya jeshi nayo ina ukurasa wake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam. Siku tatu baadaye waliasi wa Jinja, na siku iliyofuata wa Lanet, Nakuru. Walikuwa ndugu wa kikosi kimoja cha zamani, King's African Rifles, waliozungumza Kiswahili kimoja cha kambini na kudai jambo moja: mshahara bora na maofisa Waafrika. Hapa Jinja walimzuia waziri Felix Onama mpaka akaahidi nyongeza. Serikali zote tatu ziliwaita Waingereza kuyazima maasi, lakini baada ya hapo kila moja ilishika njia yake. Tanganyika ililivunja jeshi na kulijenga upya. Uganda iliongeza mishahara na kupandisha vyeo, na mmoja wa waliopanda upesi alikuwa Idi Amin.

Mwaka 1972 Amin huyo, sasa akiwa mtawala wa nchi, aliwapa Waasia siku 90 wafungashe. Jinja iliumia kuliko miji mingi kwa kuwa maduka, vinu na viwanda vingi vilikuwa mikononi mwao. Nyumba za Barabara Kuu zilipewa watu wasiokuwa na hati wala sababu ya kuzitengeneza. Kiwanda cha shaba kilizimwa. Nytil ilidhoofika. Miaka ya 1990 baadhi ya wenye mali walirudishiwa, wengine hawakurudi kabisa, na ndiyo maana hadi leo jengo moja lina rangi mpya na la pili yake lina mche wa mtini uliootea kwenye ufa. Mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa mtoni hapa, na sanamu yake ya kichwa ilizinduliwa katika bustani ya chanzo mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral. Kati ya tarehe hizo mbili jamii nzima ilifukuzwa na kuanza kurejea.

Julai 2020 Jinja ilipandishwa na kuwa jiji, pamoja na miji mingine sita. Cheo hicho kinakuja na mipaka mipana, wakuu wengi zaidi, na tamaa ya viwanja. Ndipo hofu yangu inapoanzia.

Wanaopinga wana haki ya kusikilizwa

Najua atakayesema: wewe unalilia povu la maji wakati mama mjamzito anajifungulia gizani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Bujagali ilipoanza, mgao mkali wa umeme uliokuwa umeikaba Uganda ulipungua mno, viwanda vikapumua, na hospitali zikapunguza kununua dizeli ya jenereta. Mimi mwenyewe nisingetaka ukuta ule ubomolewe. Pia najua atakayesema kwamba mwenye jengo la 1928 hawezi kulazimishwa kulitunza kwa pesa zake huku jirani akipandisha ghorofa nne na kuvuna kodi. Naye ana haki.

Lakini hoja ya kwanza ingekuwa na nguvu zaidi kama umeme ungeanzia nyumbani. Nyaya za msongo mkubwa zinapita juu ya vijiji vya Busoga ambavyo jioni bado vinawasha koroboi na taa ndogo za sola, na moshi wa mkaa unapanda chini ya nguzo hizo. Sheria ya Umeme ya Uganda ya mwaka 1999 inatambua kwamba wilaya yenye bwawa inastahili mrabaha kutoka kwa mzalishaji. Kanuni hiyo ni ya haki. Inachohitaji ni uwazi: mkazi wa Walukuba au wa Budondo ajue kiasi gani kimeingia mwaka huu, na kimejenga nini. Isitoshe, Uganda sasa ina bwawa la Karuma la megawati 600, lililofunguliwa rasmi 2024, mbali kaskazini. Nchi haiko tena katika dhiki ya mgao wa 2006. Hakuna tena sababu ya kuitazama Itanda kwa jicho la njaa.

Na kwa mwenye jengo, jibu ni kumsaidia, si kumkomoa. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kihistoria, badala ya ile ya 1967. Halmashauri ya jiji inaweza kuorodhesha mabaraza ya Barabara Kuu na mitaa inayoikata, impunguzie kodi ya majengo yule anayetunza sura ya mbele, na imruhusu ajenge nyuma ya kiwanja. Mji Mkongwe wa Zanzibar na kisiwa cha Lamu vimeshajaribu njia zinazofanana, kwa mafanikio na kwa makosa ambayo Jinja inaweza kujifunza bila kulipia karo. Zanzibar imeonyesha kwamba kanuni pasipo fedha ya ukarabati huacha nyumba zianguke zikiwa kwenye orodha. Lamu imeonyesha kwamba mafundi wa jadi wakipata kazi ya kudumu, ujuzi haufi. Fundi seremala wa Jinja anayejua kutengeneza mlango wa kukunja anahitaji kazi hiyo leo.

Linalopaswa kufanywa

Nasema mambo manne, na nayasema kwa wenye madaraka waziwazi.

La kwanza, Bunge la Uganda lizitangaze Kalagala na Itanda kuwa eneo la hifadhi kwa sheria ya nchi. Ahadi kwa mkopeshaji imeshaonyesha udhaifu wake: mkopo ukiisha, au mkopeshaji mwingine akija, ahadi inajadiliwa upya. Sheria, hata ikibomolewa, inabomolewa hadharani, bungeni, mbele ya wapiga kura.

La pili, jiji lihakikishe ukingo wa mto na wa ziwa unabaki na njia ya umma. Tayari hoteli na nyumba za wenye uwezo zimepanga mstari ukingoni, na kila ukuta mpya unamsogeza mtoto wa Masese mbali na maji aliyozaliwa nayo. Mtoto huyo apate mahali pa kukaa, kuvua na kuutazama mto bila kulipa getini.

La tatu, mabaraza ya mjini yahifadhiwe pamoja na watu wanaofanya kazi ndani yake. Ukarabati unaomfukuza fundi cherehani ili kuleta mgahawa wa kahawa umeokoa plasta na kuua mji.

La nne linatuhusu sisi tulioko nje. Makubaliano ya ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, yaliyojadiliwa kwa miaka mingi, yalianza kutumika Oktoba 2024. Tume itakayotokana nayo itazungumzia mgawo wa maji, na itakuwa rahisi kuzungumza kwa tarakimu za mita za ujazo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki idai kwamba miji iliyobeba mabwawa ipate sauti katika mazungumzo hayo, na Jinja iwe ya kwanza. Shule zetu nazo zifundishe Jinja yote: Speke na Bombay, ndiyo, lakini pia Namasagali na pamba, Nytil na Walukuba, Januari 1964, siku 90 za 1972, na hesabu ya maporomoko yaliyozama.

Kwa msomaji aliye na safari ya Kampala, ombi langu ni dogo. Shuka Jinja. Kula samaki Masese, nunua roleksi ya moto, chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara, shonesha shati kwa fundi wa barazani, kisha panda bodaboda hadi Itanda ukasimame mbele ya maji ambayo bado yana uhuru wa kuanguka. Pesa unayoacha hapo ni hoja ambayo waziri yeyote anaielewa. Walionufaika na mto huu ni wengi, kuanzia Nairobi hadi Kairo, na wajibu wa kukilinda kilichosalia hauwezi kuachiwa Wasoga peke yao.